Shikamoo Tatu Bila Kusimama

Mimi ni bwana shamba, na ofisini nilidai najua pikipiki. Ukweli ni kwamba nilijifundisha juu ya pikipiki iliyoegeshwa: klachi mkono wa kushoto, gia mguu wa kushoto. Breki sikuzihangaikia, maana ilikuwa imesimama tayari.

Juzi nikaiendesha hadi Zuzu kukutana na wakulima. Nilipofika uwanjani nikamwamkia mwenyekiti wao, bibi mmoja mkongwe, "Shikamoo, bibi," nikampita. Nikazunguka, nikamwamkia tena, huku nikijifanya nakagua alizeti zao.

Mzunguko wa tatu hakuitikia. "Msicheke," aliwaambia wenzake, "mtaalamu wetu hajui kusimama." Kisha akanigeukia: "Mjukuu wangu, kamata klachi, kanyaga breki kwa mguu wa kulia. Marahaba yako utaikuta ukishashuka."