Siku Tuliyokwenda Misri kwa Mto Sabaki

Sisi tuliosoma Kakuyuni wakati darasa la tano bado lina kuta za udongo, tunazijua zile siku za mwisho wa muhula ambazo hazikuwa na jina. Mitihani imekwisha, ripoti hazijatoka, walimu wamejifungia ofisini wanasahihisha. Kusoma hakuna, na kurudi nyumbani hakuna ruhusa. Tulifyeka nyasi zilizokwisha kufyekwa. Tulicheza kati, wawili wakirusha mpira wa matambara na wa katikati akiukwepa, mpaka matambara yakafumuka, tukacheza gololi, tukala mihogo ya kuchoma iliyopakwa chumvi na pilipili mpaka midomo ikavimba. Na wengi hawakuja kabisa, kwa hiyo tuliobaki tulikuwa wachache, tumezoeana kama watoto wa nyumba moja.

Asubuhi moja ya siku hizo Mwalimu Karisa alisimama mlangoni, akatazama nje kwa muda, akasema, "Nyanyukeni. Twendeni mtoni."

Kwenda kufanya nini, hakusema. Nadhani hata yeye hakujua. Leo mwalimu akitaka kuwatoa watoto nje ya ua, kuna barua kwa mzazi, barua kwa mwalimu mkuu, basi la manjano, na mzazi anayeuliza kama huko kuna choo safi. Sisi tulinyanyuka tu. Aliyekuwa na viatu alivishika mkononi visiharibike.

Mwalimu Karisa alikuwa kijana, hajaajiriwa kikamilifu bado, na alikuwa na ugonjwa wa Misri. Hakupata kufika huko, wala hakumjua mtu aliyefika. Alikuwa na kitabu kisicho na jalada, na kurasa za Misri zilikuwa zimegeuka rangi ya chai kwa kushikwashikwa. Alichora mto Naili ubaoni kwa chaki ya buluu, ukapita kutoka juu hadi chini, na ole wake atakayeufuta. Hesabu zilifundishwa kando ya mto huo, Kiingereza vilevile. Mwalimu mkuu alimvumilia, lakini alimwonya mbele yetu sote: siku mtoto mmoja atakapokosa kurudi kwao kwa wakati kwa sababu ya hizo safari zako, wewe usirudi hapa. Naye hakuwa mtu wa kutania.

Basi tukafika Sabaki. Pale kivukoni alikuwapo Baba Sidi, aliyekuwa akivusha watu na magunia ya mahindi, anasukuma mtumbwi wake mkubwa majini. Alikuwa anaupeleka chini, karibu na mdomo wa mto, kwa fundi wa kalafati, yaani wale wanaoziba nyufa za chombo kwa pamba na mafuta ya papa. Mwalimu alimtazama, akautazama mtumbwi, akatutazama sisi. Nikaona uso wake umebadilika.

"Baba Sidi, utupeleke hadi darajani? Kutoka pale tutarudi kwa barabara."

"Huu wavuja, mwalimu. Ndiyo maana naupeleka."

"Wavuja sana?"

"Wavuja kwa adabu. Watoto ni wako ama wa serikali?"

"Wa serikali."

"Basi wakae katikati. Mamba hawaijui serikali."

Vijana wa sasa nikiwasimulia habari hii huniuliza kama tulikuwa na majaketi ya kuokolea. Tulikuwa na kata moja ya kukombea maji, tukapokezana. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa, maana mvua ilinyesha huko bara ya mbali ingawa kwetu vumbi lilikuwa likiruka. Mtumbwi ulinuka mahindi na samaki. Mwalimu Karisa alisimama kule mbele, akashika ukingo, akasafisha koo.

"Mabibi na mabwana," alisema, nasi tukacheka kwa kuitwa hivyo, "karibuni Aswan."

Aswan ilikuwa yale mawe yanayojitokeza maji yakipungua. Akatueleza jinsi Wamisri walivyochonga huko mawe makubwa kuliko nyumba, wakayashusha kwa majahazi mto ukifurika. Kadzo, msichana aliyekuwa akikaa dawati la mbele na ambaye mwalimu hakuweza kumdanganya, aliinua mkono.

"Mwalimu, Naili waenda kaskazini. Huu waelekea lilikotoka jua."

"Leo waenda kaskazini, Kadzo."

"Haya."

Kisha tukafika penye mikoma. Wanaoijua Sabaki wanaikumbuka ile mitende mirefu ya porini iliyosimama safu kwa safu ukingoni, mingine imekatika vichwa. Hapo, alisema mwalimu, ni Karnak, hekalu la nguzo, na nguzo moja watoto kumi hawawezi kuizunguka kwa mikono. Tukaomba kushuka. Baba Sidi akanung'unika kwamba fundi anamngoja, lakini akaegesha. Tulizunguka nguzo zetu, tukaokota makoma yaliyoanguka, tukatafuna ule utamu wake wa sukari ya vumbi huku mwalimu akitusomea habari za makuhani walionyoa nywele zote hata nyusi. Sijui ni kwa nini jambo la nyusi lilituchekesha hivyo. Tulikaa pale muda mrefu kupita kiasi.

Vichuguu vya mchwa vilikuwa piramidi. Ule ukuta wa udongo mwekundu ambao ndege wadogo wameutoboa matundu mia ulikuwa Bonde la Wafalme, na kila tundu kaburi. Hapo Mwalimu Karisa alishusha sauti, akatueleza jinsi mfalme alivyozikwa na mikate yake, na pombe yake, na kiti chake, na viatu vyake, ili huko aendako asipate tabu.

"Kumbe ni kama kwetu," Kadzo alisema. "Babu huzipa koma zetu unga na mnazi."

Koma ni vile vigingi vya mbao tunavyowasimamishia wazee wetu waliofariki. Mwalimu alikuwa msomaji kanisani, na mambo ya koma hakuyapenda kuyasikia kwa sauti. Lakini alisema, "Kidogo, ndiyo. Ni kama kwetu." Mimi nilikuwa nakomba maji wakati huo, na nakumbuka niliacha kukomba. Misri iliyokuwa ubaoni ilikuja ikakaa karibu na boma la kina Kadzo. Niliacha shule mwaka uliofuata, nimezunguka tangu Ganze hadi visiwani, nimeuliza watu maswali mpaka wengine wakanifukuza, na nikifikiria ilikoanzia hamu hiyo, naiona ile kata mkononi mwangu.

Daraja likaonekana. Baba Sidi akasema, "Mwalimu, daraja hilo."

Mwalimu Karisa alilitazama daraja, akatazama jua, lililokuwa limeshatupita utosi zamani. Tulijua sote kwamba hapo ndipo pa kushuka.

"Delta hawajaiona," alisema.

"Nini?"

"Pale mto unapofunguka kuingia baharini. Naili usipouona unaingia baharini hujauona."

"Magari ya kurudi je?"

"Tutayapata."

Tukapita chini ya daraja tukipiga kelele ili tusikie mwangwi wetu. Na delta kweli tuliiona: maji mekundu yakiingia kwenye maji ya kijani bila kuchanganyika, viboko masikio juu, ndege warefu wa rangi ya waridi wamesimama kwa mguu mmoja, na vilima vya mchanga ambavyo mwalimu hakuhitaji kutuambia ni jangwa. Tulibingirika kwenye jangwa lile mpaka masikio yakajaa mchanga. Nimeona vitu vizuri maishani. Sijaona kinachokipita kile.

Ila jua nalo lilikuwa likishuka. Baba Sidi alikabidhi mtumbwi kwa fundi, akasema yeye atalala hapohapo kibandani na hakitutoshi sote. Gari la mwisho la kupita darajani, tukaambiwa, limekwisha kwenda. Palipokuwa karibu ni Mambrui. Tulianza kutembea, na hapo ndipo Mwalimu Karisa alipoacha kuwa mwongoza watalii akawa mtu aliye na watoto wa watu jioni, mbali na kwao. Alikuwa akitutazama uso mmoja baada ya mwingine, akirudiarudia, kama mwenye mbuzi anayeogopa mmoja amepungua.

Mambrui ilikuwa mji mgeni kwetu. Nyumbani tuliambiwa watu wa huko wanaringa, na Mgiriama kama sisi hapewi hata ukumbi. Wao nao, tulikuja kujua baadaye, waliambiwa sisi sote ni wachawi. Mwalimu aliuliza kwanza shuleni: pamefungwa, mlinzi hayupo. Akauliza barazani kwa wanaume waliokuwa wakijiandaa kwenda kuswali. Wakamjibu kwa upole kwamba mzee wa mtaa amekwenda Malindi, angoje, huenda akarudi. Bahati ikawa moja tu: mchuuzi wa samaki alikuwa anaondoka kwenda Malindi na pikapu iliyojaa isiyo na nafasi ya mtu, na ndugu yake anakaa Kakuyuni. Akabebeshwa ujumbe. Akaondoka. Sisi tukabaki njiani, wadogo wameanza kulia kimya kimya, na mwalimu hana tena mtu wa kumuuliza.

Penye ukingo wa mji pana makaburi ya kale, na katikati yake nguzo ndefu ya mawe. Mwalimu Karisa alitukusanya mbele yake. Alisema, "Na hapa, mabibi na mabwana, tuone jinsi watu wa pwani nao walivyowajengea wakubwa wao…" Hatukusikiliza. Alikuwa anatubembeleza, na tulijua.

Hapo Kadzo akatoka kundini. Alichukua chupa yetu ya maji ya kunywa, iliyobaki nusu, akaenda hadi kwenye nguzo, akapiga magoti, akaanza kuyamwaga kidogo kidogo chini, kama alivyomwona babu yake.

"Wazee wa hapa, shikamooni," alisema. "Sisi ni watoto wa Kakuyuni. Tumekuja na mwalimu wetu. Tumechelewa, hatukuja kwa ubaya. Twaomba pa kulala."

"Kadzo! Acha! Toka hapo!" Mwalimu alikuwa amebadilika rangi. Kufukuzwa kazi ni jambo moja. Kufukuzwa na mji mzima kwa kutia mikono kwenye makaburi ya Waislamu ni jingine.

Na kweli, mlango wa nyumba ya jirani ulifunguka. Mama mtu mzima, buibui begani, unga wa mikate bado mikononi, alisimama kizingitini. Jina lake, tulilijua baadaye, ni Bi Rukia.

"We mtoto! Wamwaga nini hapo?"

Kadzo aligeuka bila kusimama.

"Maji, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Maji ya nini?"

"Ya kupiga hodi. Kwetu huingii mji wa watu kabla hujawasalimu waliotangulia."

Bi Rukia aliteremka ngazi. Mwalimu akaanza, "Mama, tuwie radhi, ni mtoto, hajui," lakini yule mama alimwinulia mkono anyamaze. Alikwenda hadi kwa Kadzo, akatazama udongo ulioloa.

"Sisi hatuwaombi hawa, umesikia? Sisi twawaombea. Wao ndio wenye shida na dua zetu."

"Ndiyo, bibi."

"Lakini hodi yako nimeisikia." Akatuangalia sote, mchanga masikioni, midomo mikavu. "Hawa wa chini hawana mikeka, mwanangu. Mikeka ninayo mimi. Haya, ingieni. Na wewe mwalimu, umesimama kama nguzo ya pili. Ingia!"

Kuhusu Mwalimu Karisa niseme tu kwamba ujumbe ulifika, mama zetu walilala ingawa si vizuri, na mwalimu mkuu alimfokea gwarideni mpaka bendera ikaona haya, kisha, kwa kuwa sote tulirudi wazima, akamwacha abaki. Ila Misri baada ya hapo ilisomwa ubaoni tu.

Siku hizi nikifika mji mgeni, nami hufika miji mingi, huanza kwa dirisha lenye nondo la nyumba ya wageni. Naulizwa kitambulisho kabla ya jina, na namba ya simu kabla ya kitambulisho. Chumba huwa na runinga, na kijana wa mapokezi hunieleza nenosiri la mtandao bila kuinua macho. Kwa mtandao huo naweza kuingia Karnak yenyewe nikiwa kitandani, niizungushe nguzo kwa kidole. Nimefanya hivyo. Ni nzuri, sikatai, wala siwalaumu vijana wanaoona hiyo inatosha. Wao wanarudi kwao kwa wakati.

Bi Rukia usiku ule hakutuuliza kitu. Alitandika mikeka, wasichana chumbani, wavulana na mwalimu ukumbini. Alitumwagia maji ya kunawa, akaleta sinia la wali na mchuzi wa samaki, akasimama juu yetu kuona nani anakula kwa aibu, na akimwona anamsukumia mnofu. Mtu hahojiwi akiwa na njaa, ndivyo watu wa rika lake walivyolelewa. Tuliposhiba na sinia limeondolewa, ndipo alipoketi, akajifuta mikono.

"Haya sasa. Leo mmetoka wapi nyie?"

Mwalimu Karisa alifungua mdomo. Kadzo akamwahi.

"Misri, bibi."

Bi Rukia alimtazama Kadzo, akamtazama mwalimu aliyekuwa ameinamisha kichwa, akatutazama sisi tuliokuwa tunaitikia kwa vichwa, sote, kwa dhati.

"Mbali huko," alisema. "Nyoosheni miguu."