Shotgani Iliyogoma Risasi ya Pili

Fundi wa silaha wa shamba lile kubwa la mahindi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Lete-Nione, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Umwambie mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Umwambie chai ina sukari, ataionja, atakutazama, kisha ataionja tena. Kwa miaka thelathini alikaa katika chumba kile chenye dirisha la nondo na meza iliyolowa mafuta, akizitengeneza bunduki za walinzi wanaofukuza nguruwe pori, na katika miaka yote hiyo hakumwamini mtu kwa maneno matupu.

Kwa hiyo ile shotgani mpya alianza kuishuku ingali ndani ya boksi. Za zamani alizijua ndani nje: unapiga, unavuta kishikio cha mbele, ganda linaruka, unakisukuma, risasi nyingine inaingia. Hii mpya ilijikoki yenyewe. Ukishapiga, nguvu ya moshi wa baruti hupitia tundu chini ya mtutu na kusukuma vyuma nyuma, ganda hutoka, risasi ya pili hupanda. Wewe kazi yako ni kidole tu.

"Kitu kinachojifanyia kazi chenyewe," alisema, "siku kikichoka hakikuagi."

Aliyeileta ni muuzaji mmoja aliyevaa tai hata jua likiwa la kuchoma, basi walinzi wakamwita Bwana Tai. Aliiacha kwa majaribio ya miezi mitatu. Ikifaa, shamba lingechukua za aina hiyo kwa walinzi wote sita. Na mlinzi aliyejitokeza kuijaribu, bila kumuuliza mtu, alikuwa binti wa Lete-Nione mwenyewe.

Huyo binti ndiye aliyekuwa mwanamke pekee katika kikosi. Aliwahi kuanguka kwenye trekta akavunjika mfupa wa bega, na tangu hapo bunduki za zamani zilikuwa zinampiga teke mpaka anang'ata meno. Hii mpya ilimgusa taratibu, kwa sababu nguvu nyingi ilizimaliza ndani kwa ndani. Baba yake hakupenda hata kidogo. Alishamsihi mara nyingi ahamie kazi ya ofisini.

"Ofisini kuna kiti na feni, mwanangu."

"Kiti nimekiona, baba. Sikitaki."

Ikawa hivyo. Lete-Nione akaifungua shotgani, akafuta grisi nzito ya kiwandani, akatoa sponji, akatoa vifuniko vya plastiki, akatoa kila takataka ya safari, akaisafisha ikang'aa. Kijitabu cha maelekezo alikikunja akakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Tangu lini yeye akafundishwa bunduki na karatasi?

Shotgani ikaanza vituko. Mara inakubali, mara inagoma. Inapiga risasi ya kwanza vizuri kabisa, halafu ganda linabaki limeng'ang'ania kwenye tundu la kutokea, na binti analazimika kulitoa kwa mkono. Halafu ikaja ile asubuhi ya Jumatatu. Dume la nguruwe lilitoka kwenye mahindi, binti akalijeruhi kwa risasi ya kwanza, likamgeukia. Akafyatua tena. Kimya. Alijiokoa kwa kupanda ngazi ya tangi la maji, na buti lake la kushoto likabaki mdomoni mwa nguruwe, pamoja na nyama kidogo ya kisigino.

Tangu siku hiyo Lete-Nione hakulala vizuri wala kula vizuri. Alimshuku Bwana Tai, kwamba kawaletea bunduki iliyokataliwa kwingine. Akamshuku mtunza ghala, kwamba kaziweka risasi karibu na mbolea zikapata unyevu. Alizinusa risasi moja moja kama mtu anayenunua samaki. Mwishowe akaichukua shotgani, akaijaza risasi zake nzito za zamani, akaenda nyuma ya ghala, akapiga tatu. Zote zilipita bila kukwama.

Meneja wa shamba alikuwa amesimama nyuma yake. "Umeona, mzee? Kwako inafanya kazi. Bunduki za hivi zinataka bega imara. Ijumaa naamua, lakini nadhani binti yako tumpeleke ofisini."

Lete-Nione alifungua mdomo amtetee mwanawe, akaufunga. Kwa kweli, moyoni alishukuru. Aliona haya kushukuru, lakini alishukuru.

Alhamisi asubuhi Bwana Tai alikuja na shotgani nyingine ya aina ileile. "Linganisha mwenyewe, mzee wangu. Bunduki yangu haina kosa."

"Lete nione," akasema fundi, akamfungia mlango.

Akazilaza mbili mezani, akazifungua sambamba, kipande kwa kipande. Parafujo kwa parafujo zililingana. Springi zililingana. Mpaka alipofika kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Bomba la ile mpya kabisa lilikuwa na pete nyembamba ya mpira, nyeusi, imekaa mahali pake kuziba moshi usivuje. Bomba la bunduki ya binti yake lilikuwa tupu.

"Wamemwibia!" akasema kwa sauti. Tayari alikuwa anahesabu nani ameingia chumbani humo, nani ana ufunguo. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa shingoni mwake.

Ndipo akaikumbuka ile siku ya grisi. Aliiona pete ile, akacheka peke yake. Mpira na moto wapi na wapi? Akadhani ni ya kushikilia vyuma visigongane safarini. Akaitoa. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima, akaipa kazi.

Akageuka polepole akaitazama chupa yake ya chai. Pete ilikuwa pale shingoni mwa chupa, chini ya kifuniko, na tangu aiweke hapo chai haikuvuja hata tone.

Akakaa. Sasa yote yalikuwa wazi. Risasi zake nzito zilikuwa na nguvu ya kusukuma vyuma hata moshi ukivuja. Za binti, zile za kawaida, hazikuweza. Bega halikuwa na kosa lolote. Angeweza kuirudisha pete kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Meneja angebaki akiamini ni bega, na binti angekaa ofisini, salama, chini ya feni. Wazo hilo lilikaa naye dakika nzima, na halikumchukiza.

Mlango ukagongwa. Binti aliingia akichechemea, kisigino kimefungwa bandeji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hakukaa. "Nakuuliza kitu, na usinikasirikie. Hii bunduki uliifanyia nini? Hukutaka niwe kikosini tangu mwanzo."

"Mimi? Nikupeleke kwa nguruwe, mimi?" Sauti ilimpanda, kisha ikamwisha. Akaivuta chupa, akafungua kifuniko, akaing'oa pete kwa ukucha. "Niliitoa nikidhani ni takataka. Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua."

Binti aliitazama pete, akaitazama chupa.

"Lakini ilipogoma," akasema baba, na hili lilimtoka kwa shida, "meneja aliposema ofisini, nilifurahi. Hilo nalijua."

Akakifunga kifuniko bila pete, akailaza chupa, na chai ikaanza kuchuruzika mezani.

"Kesho utamwambia nini meneja?"

"Nitamwambia kosa ni langu. Bega lako ni zima."

Akaipangusa pete kwa kitambaa, akaivisha kwenye bomba, akavirudisha vyuma vyote mahali pake, akakaza. Akamkabidhi binti yake shotgani kwa mikono miwili. "Sasa iko sawa, mwanangu. Chukua."

Binti aliipokea, lakini hakuiweka begani. Aliilaza tena mezani, mbele ya baba yake, akavuta taa karibu.

"Ngoja nione," akasema.

Akafungua kifuniko cha mbele cha bunduki, akauchomoa mtutu, akapitisha kidole taratibu kwenye bomba akiitafuta pete. Lete-Nione alisimama pembeni, mikono nyuma, akingoja aambiwe kama kazi yake inafaa.