Nilivyokwenda Kumsomea Mjane Hadithi Yangu

Nilipanda milimani kwa sababu ya barua mbili. Ya kwanza ilinifikia Tanga, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule. Ilisema: "Mwalimu Salehe, wazee wa kanisa wananiuliza habari ya ile hadithi yako. Njoo uwaambie, au waandikie, kwamba yalikuwa maji. Wewe ulikuwepo." Sikuijibu. Ya pili ilikuja miezi minane baadaye kutoka kwa Kaniki wa Lushoto, mwalimu niliyefundisha naye kule milimani. Alinijulisha kwamba aliyeandika ile ya kwanza amefariki.

Kwanza nieleze yaliyotangulia. Niliwahi kufundisha miaka miwili katika kijiji kilicho juu ya Bumbuli. Jina lake sitalitaja; nimekwisha kukiharibia vya kutosha. Shule haikuwa na nyumba za walimu, nikapangiwa kukaa kwa Mwinjilisti wa mtaa ule. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Msambweni, na nilikwenda pale nikiwa na wasiwasi wa chakula. Siku ya kwanza Mwinjilisti alinipa kisu na kuku akasema, "Mwalimu, hapa kuchinja ni kazi yako, ili sote tule sufuria moja." Tangu siku ile kila kuku wa nyumba ile nilimchinja mimi.

Mwaka wangu wa pili mvua za vuli hazikunyesha. Asubuhi moja nilimkuta Mwinjilisti nyuma ya migomba, amepiga magoti penye kaburi la baba yake, anamimina kitu kutoka kwenye kibuyu. Nilimwuliza anafanya nini. Hakushtuka. Alisema, "Baba alikufa bila ubatizo. Nimefundishwa, na mimi nawafundisha wengine, kwamba yuko motoni. Basi humpelekea maji." Akajipangusa magoti, akaenda kupiga kengele ya kanisa.

Nilipohamishiwa Tanga niliandika hadithi. Siku zile tulikuwa tumeambiwa, na sisi waandishi vijana tuliamini kwa moyo wote, kwamba kalamu ni jembe la kung'olea ushirikina. Mwinjilisti nilimbadilisha jina, nikamwita Zakayo, na nikampa mguu mlemavu ili asijulikane. Lakini koti lake la kijani lenye vifungo viwili nililiacha, na kikohozi chake kabla ya kila sala nilikiacha, kwa sababu vilikuwa vizuri mno kuvitupa. Maji niliyafanya pombe. Huzuni yake niliifanya unafiki: mtu anayehubiri Jumapili na kuomba mvua kwa wafu Jumatatu. Yale maneno yake ya kaburini nilikuwa nimeyaandika mwanzoni, kisha nikayakata. Msomaji angeyasikia angempenda Zakayo, na hadithi yangu ilihitaji mtu wa kuchekwa.

Gazeti likaichapa, na baadaye ikasomwa redioni. Barua ya penseli ilinikuta katika wiki zile nilizokuwa nikisimamishwa barabarani na kupewa mkono. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu.

Niliondoka Tanga alfajiri kwa basi la Mombo. Katani ilikwenda nasi pande zote mbili hadi Korogwe, mistari isiyokwisha, na mimi nilikuwa natunga nitakachosema. Kila sentensi niliyoitunga ilikuwa nzuri, na kila moja ilinitetea.

Mombo tulifika jua likiwa kali. Pale nilibadilisha gari, tukaanza kupanda. Barabara imekatwa kwenye mwamba, upande mmoja ukuta na upande mwingine bonde, na kwa kila kona joto la chini linakuacha kidogo. Tulipofika Soni, wenzangu walishuka kununua pea. Mimi sikushuka.

Lushoto jioni ukungu ulikuwa umekaa juu ya mikaratusi. Kaniki alinipokea nyumbani kwake, akanipa koti, maana sikuwa nimekumbuka baridi. Tulikula ugali wa unga wa njano, ule wa msaada, na maharage. Hakunilaumu, ila alinieleza mambo kama yalivyokuwa. Hadithi ilisikika kwenye redio ya duka la ushirika, watu wamejaa. Koti la kijani lilipotajwa, wote waligeuka wakamtazama mwenye koti. Wazee wa kanisa walimwuliza kama humimina kitu kaburini. Alikubali. Walipomwuliza kama ni pombe, alisema ni maji, na kwamba Mwalimu Salehe ni shahidi. Mwishowe alivuliwa uinjilisti, akatengwa na Chakula cha Bwana. Kila Jumapili aliendelea kwenda, akaketi benchi la nyuma la waliotengwa, benchi ambalo kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wengine. Masika yakamkuta na kifua chake kibovu.

"Alizikwa bila kengele," Kaniki alisema.

Nilimwuliza kama na yeye, alipoisoma ile hadithi, alimtambua.

"Nilimtambua kwenye mstari wa pili," alisema. "Nikasema, Salehe sasa ameiva kweli. Nikakuandikia kukupongeza. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau.

Kesho yake asubuhi nilirudi Soni, nikapata lori lililokuwa linakwenda Bumbuli kuchukua majani ya chai. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache, nami nilishukuru. Kutoka Bumbuli nilitembea kwa miguu, mwendo wa saa mbili na nusu wa kupanda. Kijiji kilikuwa kimebadilika, watu wamehamishwa wakae pamoja kwa amri ya serikali. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika kwenye migomba sasa zilijipanga mistari miwili juu ya mgongo wa kilima, nyingine bado hazijakandikwa udongo.

Kwa desturi ya siku zile mgeni huripoti kwanza. Mwenyekiti wa kijiji alisoma barua yangu ya likizo, akanitazama usoni.

"Wewe ndiye Salehe wa redioni?"

"Ndiye mimi."

Alinipa mikono miwili. "Ile hadithi imetusaidia sana kwenye mikutano, ndugu. Wazee walikuwa hawataki kuhama, wanasema hawawezi kuacha makaburi. Tukawa tunawauliza, je, na ninyi ni akina Zakayo? Watu wanacheka, wazee wananyamaza, wanahama."

Nilimshukuru.

Nyumba ya Mwinjilisti ilikuwa haijahamishwa. Ilibahatika kuwa kando ya mstari wa pili. Mama Damari, mkewe, alikuwa uani anachambua maharage. Nilimkuta amekonda, kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za Tanga?"

Nikasema nzuri. Akaniuliza hali ya mama yangu, ya dada zangu, ya safari, kila jambo kwa zamu yake kama ilivyokuwa zamani. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisu, akamwita binti yake alete kuku. Damari, ambaye nilimfundisha darasa la sita na sasa ni mwanamke mzima, alimleta akiwa amemshika mabawa. Hakunisalimu. Alinikabidhi kuku yule bila kunitazama.

Nilichinja. Kisu nilikivuta vibaya, nikamwumiza yule ndege zaidi ya inavyofaa.

Tulipokwisha kula, nilianza hotuba yangu ya kwenye basi. Mama Damari aliinua kiganja.

"Mimi hiyo hadithi sijaisikia," alisema. "Siku ya redio nilikuwa shamba. Baadaye mzee alikataza mtu yeyote kunisimulia. Alisema haifai masikio yangu. Unayo?"

Nilikuwa nayo. Kipande cha gazeti kilikuwa mfukoni mwa begi langu, kimekunjwa mara nne, nami nilikuwa nakibeba kila niendako kwa sababu ambazo naona haya kuzisema.

"Nisomee," alisema. "Damari atanieleza kwa Kishambaa pale nitakapopotea."

Nikasoma. Jua lilikuwa bado liko juu, kuku wengine wanazunguka miguuni kwetu. Nilisoma kwa sauti ya chini, Damari akatafsiri kwa sauti ya wazi isiyo na kitu ndani yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia hadithi yangu ikiwa imevuliwa Kiswahili changu. Yale madaha yote yaliyosifiwa, yale maneno yaliyopangwa kwa mizani, hayakuvuka kwenda upande wa pili. Kilichovuka ni mlemavu, pombe, kikohozi na kicheko.

Nilipofika penye Zakayo anapiga magoti huku pombe ikimtiririka kidevuni, niliruka sentensi mbili.

"Umeruka," Damari alisema.

Nilimtazama.

"Watoto wa shule wanaijua kwa kichwa. Walikuwa wanaisema nyuma yake akipita kwenda kanisani. Mimi mwenyewe naijua. Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma, nikazisoma.

Nilipomaliza, Mama Damari alivuta maharage yake akachambua kidogo. Kisha aliuliza jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

"Mke wake yuko wapi?"

"Mke wa nani, mama?"

"Wa huyo Zakayo. Mtu mzima, mwinjilisti, hana mke?"

Nikasema katika hadithi sikumweka mke.

"Yale maji nilikuwa nayachota mimi," alisema. "Mwaka ule chemchemi ya karibu ilikauka. Nilikuwa nateremka bondeni gizani, napanda na madebe mawili. Kibuyu cha kwanza kilikuwa cha baba mkwe, ndipo sisi tupike. Yule mzee alinipokea vizuri nilipoolewa. Na mimi sikupenda akae kule na kiu."

Miaka miwili nilikuwa nimekaa katika nyumba ile. Nilikuwa nimeoga maji yale. Sikuwahi kumwuliza mtu yeyote yanatoka wapi.

"Barua ya mume wangu uliipata?" aliuliza.

"Niliipata."

"Mbona hukujibu?"

Niliamua angalau nisimpe sentensi ya kupendeza. Nikasema, "Niliogopa. Nikisema yalikuwa maji, watu watasema hadithi yangu ni ya uongo."

"Na ilikuwa nini?" alisema Mama Damari. Hakusema kwa ukali. Alitaka kujua.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Mzee Hoza, mkubwa wa wazee wa kanisa mtaani pale. Nilimkuta bustanini mwake, anafunga nyanya kwenye vijiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: maji, maneno ya kaburini, namna nilivyoyakata. Nikamwambia pia nilichokuwa sijamwambia mtu, kwamba kila Idi mimi mwenyewe huenda kwenye kaburi la baba yangu Tanga nikasoma Yasini, nikanyunyiza maji ya waridi, na kwamba nilikuwa nimefanya hivyo mwaka uleule niliomwandika Zakayo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa chini kwenye udongo, mzee wa watu, kama aliyechoka ghafla.

"Tulikungoja," alisema. "Mwinjilisti alituomba tusikate shauri mpaka ujibu. Tukakungoja miezi mitatu. Hakuna aliyetaka kumtenga, mwalimu. Alitubatizia watoto pale mchungaji aliposhindwa kufika. Tulikuwa tunatafuta mlango. Ungeandika neno moja tu, maji, tungesema mtu anamwagilia maua ya kaburi la baba yake, tukaenda kulala. Lakini ulinyamaza, na watu wakasema, mwandishi amenyamaza kwa kumhurumia rafiki yake."

Nilimwuliza kama sasa kunaweza kufanyika lolote.

"Aliyekwisha kuzikwa hatuna namna ya kumrudisha kwenye meza ya Bwana," alisema. "Jumapili nitasimama niseme yalikuwa maji. Hilo naweza."

Akarudi kwenye nyanya zake.

Niliondoka siku ileile kabla ya adhuhuri. Mama Damari alinipa mkungu mdogo wa ndizi wa kupeleka kwa mama yangu. Nilimwuliza, nikiwa mlangoni, kama angependa niandike upya, niseme kweli gazetini.

"Andika," alisema. "Na mimi uniweke."

Damari alinisindikiza mpaka kwenye njia ya Bumbuli, kwa kuwa mama yake alimtuma. Tuliposhuka nusu ya kilima alisema maneno yake ya kwanza yasiyo ya kutafsiri. "Baba alikuwa anajivunia wewe. Ulipoondoka alikuwa anawaambia watu, mwalimu yule ataandika vitabu. Mimi naona afadhali usiandike tena kitu chochote." Akageuka akapanda.

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Mvua ilitupata Soni, tukasubiri udongo uliokuwa umeporomoka barabarani uondolewe. Mombo joto likatupokea. Tanga niliingia nikiwa na homa.

Nilichojifunza si kikubwa. Nilidhani mwandishi huulizwa kwanza kama ameandika vizuri. Kule mlimani hakuna aliyeniuliza hivyo. Waliniuliza nilikuwepo au sikuwepo, na nilijibu au sikujibu. Nilidhani pia kwamba imani ni jambo la kutazamwa kwa mbali ili uliandike sawasawa, kama daktari na mgonjwa. Nilikuwa nimesimama katikati yake nikiwa na kaburi la baba yangu mwenyewe, nikajifanya msafi. Kuhusu maneno, sasa nikitaka kukata sentensi huwa naiweka kando siku mbili na kujiuliza inamlinda nani. Mara nyingine jibu hunifanya niache kuandika kabisa.

Maandishi haya niliyamaliza baada ya mwaka mzima. Kabla ya kumwonyesha mhariri yeyote nilimpelekea Damari, amsomee mama yake. Yalirudi yakiwa na masahihisho mawili ya penseli: kwamba debe halikuwa moja, yalikuwa mawili, na kwamba kitambaa cha mama yake hakikuwa cheusi, kilikuwa cha bluu iliyopauka. Madebe nimeyasahihisha; kitambaa nimekiacha kama nilivyokiona, ili msomaji ajue bado naona vibaya. Chini ya ukurasa wa mwisho aliandika: "Mzee Hoza alisema ile Jumapili. Watu walisikiliza, wakatoka, wakaenda makwao. Mama amekubali uchapishe. Mimi sijakubali, lakini sitakuzuia."