Loda Alivyoulima Uwanja wa Pikipiki

Leokadia Pietrzak, ambaye mji mzima wa Drzewnica humwita Loda, hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake. Alizidharau, hasa zile za mbio. "Chombo hakina breki, kinazunguka kushoto tu, hakijui kukata kulia, halafu mnakipigia makofi," alikuwa akisema. Lakini bila yeye hakuna pikipiki ambayo ingezunguka katika mji ule. Yeye ndiye dereva wa trekta la klabu ya Kania. Kabla ya mashindano huukwaruza udongo wa uwanja kwa haro, reki kubwa ya meno ya chuma, na kuushindilia, na kati ya mbio moja na nyingine huingia tena kufukia mitaro iliyochimbwa na magurudumu.

Ujana wake aliumalizia kwenye trekta la shamba la serikali, mpaka serikali ilipobadilika na shamba likafa. Siku ya kwanza alipoingia uwanjani, wanaume walimcheka. Mwanamke akikanyaga uwanja, walisema, lazima mtu avunjike mguu. Loda akawajibu kwamba miguu ilikuwa ikivunjika tangu zamani, tena mikononi mwao. Wote walinuna isipokuwa mmoja, Alojzy Kubiak, dereva wa gari la maji, aliyecheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo wakawa marafiki wa kutukanana kutwa nzima.

"Loda, leo umeniachia vumbi, sioni hata pua yangu."

"Maji yako ndiyo kidogo, babu. Unanyunyiza kama padri anayebariki mayai ya Pasaka."

Drzewnica ina adui mmoja mkubwa, na si timu ya jirani, ni mvua. Udongo ukilowa kupita kiasi, hakuna mbio. Kwa hiyo wingu likichungulia tu, wafanyakazi wa klabu hukimbia kuutandazia turubai, kila mmoja akivuta kamba yake. Na wana mtindo wao wanaojivunia: kamba huzungushwa kwenye kifundo cha mkono mara mbili, isiteleze. Anayeishika kwa viganja vitupu huitwa mgeni. Loda aliitwa mgeni miaka yote hiyo, maana kifundo chake kiliwahi kuvunjika na hakikuvumilia kubanwa.

Jumapili ile ya Julai Kania ilihitaji ushindi mmoja tu ipande daraja. Jukwaa lilijaa mpaka watu wakakalia ngazi. Mawingu meusi yakaja kutoka upande wa mto, na upepo ukaanza kung'oa mabango. Mwamuzi alikuwa bado anakodolea anga macho, asijue la kuamua, wakati mwenyekiti wa klabu, Radosław Gawron, alipokinyakua kipaza sauti.

"Watu wa turubai, ingieni! Wote! Sasa hivi!"

Wakaingia. Upepo ukapenya chini ya turubai na kulinyanyua lote kwa mkupuo. Kamba nyingine zilikatika. Ya Loda iliteleza na kumchuna viganja vyote viwili. Ya Alojzy haikukatika wala haikuteleza. Ilimrusha juu, ikambamiza kwenye ukuta wa zege wa kona ya pili, na gari la wagonjwa lilimkuta ameshakufa.

Mbio zikafutwa. Laiti wangeishia hapo! Lakini klabu ikatangaza kwamba zitarudiwa Jumapili inayofuata, siku moja baada ya mazishi. Tangazo likaongeza kwamba marehemu aliingia uwanjani kwa hiari yake, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa klabu. Watu waliolisikia agizo kwa masikio yao wenyewe walilisoma tangazo hilo, wakaguna, wakaenda kufua skafu zao za Kania. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Baada ya mazishi waombolezaji walikaa kwenye supu ya kuku na tambi. Gawron akasimama, tai nyeusi shingoni.

"Bibi Teofila," alimwambia mjane, "tumeamua mbio za kesho ziitwe Kombe la Kumbukumbu ya Alojzy Kubiak."

Huko kwao hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Hupewa wapanda pikipiki waliofia uwanjani, si dereva wa gari la maji. Minong'ono ya kuridhika ikazunguka meza. Teofila aliinamia bakuli lake.

Loda alikuwa amefungwa bendeji mikono yote miwili. Akakiweka kijiko chini.

"Mwenyekiti, nani alimwingiza Alojzy uwanjani?"

"Dada Loda, hapa si mahali pake."

"Pawe wapi? Kesho, mkishaanza kuimba?"

"Aliingia mwenyewe. Sote tulimwona."

"Na sote tulikusikia."

Jirani mmoja akamvuta mkono wa nguo. "Achana nayo, Loda. Kesho tunapanda daraja. Hata Alojzy mwenyewe angetaka."

"Alojzy alitaka kurudi nyumbani ale," alisema Loda, akainuka na kuondoka.

Asubuhi ya Jumapili aliwasha trekta, akaingia uwanjani na kuyashusha meno ya haro mpaka mwisho. Siku nyingine huyagusisha juu juu tu. Leo alilima. Udongo alioulea miaka na miaka, alioupapasa kila asubuhi kama mpishi anayeonja chumvi, ulipinduka nyuma yake kwa mabonge. Alilia waziwazi, na hakupunguza mwendo.

Mashabiki waliowahi wakaanza kujazana kwenye uzio.

"Shuka, mchawi we!"

"Unapanda viazi hapo?"

"Napanda!" alijibu. "Na mtavila!"

Gawron alifika akihema. "Umefukuzwa kazi! Unasikia? Umefukuzwa!"

"Nifukuze nikimaliza!"

Alipoona hamwezi, akamgeukia Teofila, aliyekuwa amekuja na nguo zake za msiba na kusimama kando ya lango.

"Bibi Teofila, nakuomba, mkanye huyu. Kombe ni la mumeo."

"Mume wangu hakuhitaji kombe," alisema mjane. "Alihitaji mtu wa kumwambia asiingie. Wewe ulimwambia nini?"

Gawron akatazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Waliokuwa wakizomea karibu yake walikuwa wamenyamaza. Mzee mmoja akavua skafu yake.

"Sema, bwana. Sote tulikuwepo."

"Niliwaita mimi," alisema mwenyekiti. "Mimi ndiye niliyemwingiza."

Loda alikuwa anapita hapo hapo. Akazima injini, na uwanja wote ukatulia.

"Rudia, mwenyekiti," alisema akiwa juu ya kiti chake. "Wa kule nyuma hawajasikia."