Virukia vya Kisaju

Kirukia nilikijua tangu utotoni kwetu Ukambani, na ujuzi huo ndio ulioniponza. Baba alinifundisha kukitambua kwenye michungwa yetu: majani manene yasiyofanana na ya mti wenyewe, vijitunda vya ulimbo ambavyo ndege huvipangusa kwenye matawi, na pale kinaposhikana na tawi, uvimbe kama goti la mzee. Ukikiona, kikate na ukichome, la sivyo kitakunyonyea mti hadi ukauke.

Nilipohamia Kisaju, nikifanya kazi kwenye machimbo ya mawe Kitengela, ploti yangu ilikuwa na migunga minne. Ukame ulipozidi, ilipukutisha majani yote, ikabaki miiba. Lakini juu kabisa kulikuwa na mafungu ya kijani yenye maua mekundu, na wapita njia walidhani miti inachipua. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Sikudanganyika.

Jumamosi moja nilipanda ngazi nikavikata vyote, kisha nikavichoma hapohapo. Nilijiona mtu wa maana.

Jirani yangu, mama wa Kimaasai niliyemwita Yeyo, alirudi kutoka sokoni moshi ukiwa bado unafuka. Wanawe walikuwa wamehamisha ng'ombe mbali kutafuta malisho, wakamwachia mbuzi wachache wa maziwa ya wajukuu. Alisimama kando ya majivu, akaniuliza kama nimebakisha chochote. Nami, mpumbavu mimi, nikaanza kumweleza jinsi mmea ule unavyoua miti.

"Najua," alisema. "Lakini hiyo ndiyo chakula ya mwisho. Nyasi ikiisha, majani ikiisha, hiyo inabaki. Nilikuwa nawekea mbuzi zangu."

Kumbe kwao kirukia cha karibu na boma hakiguswi mpaka kila kitu kingine kiishe. Aliyeniuzia ploti alikuwa akimruhusu kuviangusha kwa fito ndefu, kidogo kidogo, kila ukame. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Nilijua kila kitu kuhusu kirukia, isipokuwa kwamba kinaliwa.

Nilimwomba msamaha mpaka maneno yakaniishia. Nilizunguka Kitengela nzima nikitafuta nyasi kavu, nikaambiwa wafugaji wameshazimaliza. Nikawa namletea maganda ya viazi na majani ya kabichi kutoka hoteli za mjini. Mbuzi walikula na wakazidi kukonda. Alikufa mmoja, wakafa wawili, kisha nikaacha kuuliza. Wajukuu wakazoea kunywa strungi asubuhi, chai isiyo na tone la maziwa.

Yeyo hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Mvua ilipokuja hatimaye, migunga yangu ilichipua kuliko yote ya eneo lile. Yeyo alipita, akaitazama kwa muda, akasema bila kejeli yoyote, "Miti yako imepona vizuri."

Nyuma yake, zizi la mbuzi lilikuwa limeota nyasi.