Wimbo Nilioukabidhi

Mgeni wangu alikuwa mtafiti kutoka Ulaya, na mimi nilikuwa mkalimani wake. Nilimpandisha Uluguru hadi kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ambaye kwa miaka mingi amewafunda mabinti wa kijiji chetu wanapovunja ungo. Mgeni alikuwa na neno moja la Kiingereza mdomoni kila saa, 'tradition'. Mimi nilikuwa nikilitafsiri kuwa mila.

Mama mkubwa alieleza mengi kwa furaha. Kisha akaimba wimbo mfupi wa Kiluguru anaoimbiwa mwali akiwa ndani, akanifafanulia maana yake.

"Huu ni wetu wanawake wa hapa," akasema. "Nimekuimbia wewe, naona umeanza kuusahau. Mgeni mwambie tumeishia hapo."

Nikamtafsiria mgeni wimbo wote. Kiingereza kilikuwa kinateleza siku ile, na mgeni alikuwa akinisifu.

"Mbona bado anaandika?" mama mkubwa akauliza.

"Anamalizia yale ya mwanzo, mama."

Akajifunga kanga upya, akaenda kuangalia magimbi jikoni.

Wiki chache baadaye, nyumbani kwangu mjini, Mafiga, nilifungua kamusi kubwa kutafuta asili ya neno lile 'tradition', nipate cha kuandika kwenye ripoti. Limetoka Kilatini, kwenye kitenzi cha kukabidhi, kumtia mtu kitu mkononi. Mstari wa chini ulisema shina hilohilo ndilo lililozaa neno la Kiingereza 'traitor', yaani msaliti. Masikio yaliniwaka, ingawa nilikuwa peke yangu.

Nilimpigia mgeni simu nikamwomba auondoe wimbo kwenye maandishi yake. Alikubali, ila alikuwa ameshausoma mbele ya wenzake.

Jumamosi nikapanda mlima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote, macho chini.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Wimbo ningekusamehe palepale. Uliponidanganya ndipo nilipokosa la kusema."

Akanipakulia chakula, tukala.

Mwaka huu binti wa dada yangu alipowekwa ndani, nilienda na kanga mpya. Mama mkubwa alinipokea vizuri, akaniuliza habari za mjini, kisha akaniambia nikae na wapishi. Nilimenya ndizi hadi mchana, nikiomba asitokee mtu wa kuniuliza kwa nini sipo ndani kwa mwali na wenzangu.