Mayowe ya Mama Yowe

Yule dada mrembo unayemwona kwenye filamu za kutisha, anayekimbia peku msituni huku mzimu ukimfuata, hajawahi kupiga yowe hata siku moja. Anafungua mdomo, anakodoa macho, basi. Akijaribu kutoa sauti, inatoka kama ya kifaranga aliyekanyagwa. Yowe lile linalokufanya umwage chai ni la mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, fundi cherehani, mwenye miguu inayovimba, aliyesimama kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro huku akijiuliza kama amefunga bomba la maji nyumbani.

Kazini kwake, kwenye kampuni ya filamu, walimwita Mama Yowe. Hakwenda pale kupiga mayowe, alikwenda kushona. Watu hawajui kwamba gauni la bibi harusi anayechinjwa halishonwi moja. Yanashonwa sita, yote sawasawa, kwa sababu kila wakirudia tukio lazima marehemu aanze msafi. Halafu nani anafua? Yeye yeye. Damu yenyewe ni shira ya sukari, kakao na rangi nyekundu, na ukiiacha juani dakika kumi sisimizi wa mtaa mzima wanapeana habari. Kuna maiti mmoja aliinuka mara nne akijikuna mapaja, mwongozaji akamsihi kwa machozi afe kidogo tu.

Siku moja alikuwa anapandisha ngazi na furushi la magauni, panya akampitia juu ya kidole cha mguu. Kilichomtoka kinywani hakikuwa cha kawaida. Fundi wa sauti alitoka mbio chumbani kwake, vipokea sauti vikining'inia shingoni, na badala ya kumpa pole akamwomba arudie. Akarudia. Kuanzia hapo ikapita miaka tisa.

Ndani ya chumba kile cha magodoro hakuna cha kutisha, nakuhakikishia. Mfupa unaovunjika ni karoti. Kichwa kinachopasuka ni kabichi, na wakimaliza huligombania nani alipeleke nyumbani. Ule mngurumo wa zimwi uliowanyima watu usingizi ni mkoromo wa baba mkwe wa fundi wa sauti, aliourekodi kwa siri mzee akiwa amelala kwenye kochi, kisha akaupunguza mwendo. Mzee mwenyewe ameiona filamu hiyo na akaomba taa isizimwe.

Na mayowe yana namna zake. Kuna yowe la kuona, fupi, halina shida. Kuna la kushikwa, hilo hukatika katikati. Halafu kuna la kuanguka, refu, linaanzia juu kabisa na kushuka mpaka chini, na lazima liishe pale pale mrembo anapofunga mdomo kwenye kioo cha kuonyeshea filamu. Hilo walilirekodi mwisho wa siku kila mara, maana likishatoka, koo halina kazi tena mpaka kesho.

Sasa utauliza, mtu mzima na akili zake anapata nini kwenye kelele? Twende nyumbani kwake uone.

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili na mama yake. Macho ya bibi yule yaliondoka kwanza, kumbukumbu nayo ikaanza kufunga virago pole pole. Miaka sita Mama Yowe alimwogesha, akamlisha, akambadilishia shuka, akamjibu swali moja mara ishirini kwa asubuhi moja. Leo siku gani? Jumanne, mama. Leo siku gani? Jumanne, mama. Na sauti lazima iwe tamu vile vile mara ya ishirini, kwa sababu bibi alimjua kwa sauti tu. Kila jioni aliposikia mlango aliuliza nani huyo, mwanawe akajibu ni mimi, na uso wa bibi ukatulia. "Tarumbeta wangu amerudi," alikuwa akisema, jina alilompa tangu utotoni kwa jinsi alivyokuwa akilia mpaka majirani wanahama baraza.

Ndugu zake wawili walikuwa mbali, na ushauri wao ulikuja kwa simu. Dada, jitahidi, mama ni mmoja. Alijitahidi. Alichoka mpaka uchovu ukawa kama nguo ya ndani, anaamka nao na kulala nao. Na mama hapigiwi kelele, jamani. Kwa hiyo duniani kote palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mwanamke huyu angeweza kufungua kinywa na kulia yote yaliyomjaa, na akimaliza watu wanampigia makofi na kumpa maji ya uvuguvugu. Hakuwahi kumwambia mtu hilo. Hata mama yake aliambiwa kwamba binti anashona tu.

Koo lilianza kukwaruza mwaka wa tisa. Daktari alimwingizia kamera ndogo kooni, akamwonyesha vinundu kwenye nyuzi za sauti, akamwambia anyamaze wiki nane. Akipiga yowe tena, alisema daktari, asije akamlaumu mtu, sauti hiyo inaweza isirudi. Mama Yowe alirudi nyumbani akijua vizuri kilicho hatarini. Si kazi. Ni ule uso wa jioni unaotulia akisema ni mimi.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Wiki ile ile bibi alikuwa ameacha kulala, akawa anaita mpaka kunakucha, na Mama Yowe alikuwa amefika mahali pa kuuma mto usiku asije akapiga kelele. Mwongozaji akapiga simu: filamu imebaki tukio moja, mrembo anaanguka kisimani. Moja tu, la mwisho. Alikwenda. Alisimama kati ya magodoro, akamtazama mrembo kwenye kioo, akafungua mdomo. Fundi wa sauti anasema halijawahi kutoka yowe kama lile. Alitoa vipokea sauti masikioni, akasahau hata kuzima mashine.

Jioni ile alifungua mlango, mama yake akauliza nani huyo. Alipojibu ilitoka sauti ya fagio kwenye saruji.

Alinyamaza wiki nane, akanyamaza na nyingine nne. Wapi. Fundi wa sauti alimwambia asihuzunike, mayowe yake yote yamo kwenye mashine, zaidi ya mia mbili, wataendelea kuyatumia filamu baada ya filamu. Alidhani anampa pole.

Kwa bibi, tangu siku ile, nyumbani kulikuwa na mfanyakazi mgeni. Mwanawe alimshikisha mikono usoni, bibi akampapasa, akasema una mashavu mazuri lakini mwanangu ni mnene kuliko wewe. Alikuwa mpole kwa mgeni huyo kuliko alivyowahi kuwa kwa mwanawe. Alimshukuru kwa kila kijiko. Akimaliza kula huuliza Tarumbeta atarudi saa ngapi, na yule aliyeshika sahani hujibu kwa kunong'ona kwamba ni jioni, mama. Kisha anakwenda kusuuza sahani. Ilimuuma, na kwa jinsi alivyochoka hakuwa na nguvu hata ya kuumia vizuri.

Ikafika Jumamosi moja alasiri. Jirani wa mlango wa pili alikuwa amenunua televisheni mpya na spika zake. Mama Yowe alikuwa uani akikinga maji, mara akasikia fimbo ikigonga ukutani kwenye ujia, na sauti ya mama yake ikiita watu. Alitupa ndoo. Alimkuta bibi, ambaye kwa miezi hakuwa ametoka chumbani bila kushikwa, amesimama mlangoni kwa jirani na kanga moja, akiupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Ndani, baada ya mayowe mengine kadhaa, mrembo alikuwa anaanguka kisimani.

Jirani alifungua akiwa na rimoti mkononi, hajui pa kuweka macho. Yowe likatoka nje lote, refu, likishuka.

"Mwachieni mwanangu," bibi alisema. "Mnamfanya nini mtoto wa watu?"

Mama Yowe alimshika bega, akamwambia ni mimi, mama, niko hapa. Bibi akaukung'uta mkono ule. "Wewe dada niache. Nimekushukuru kwa chakula, lakini huyu ni mwanangu. Nimemsikia tangu siku aliyozaliwa, nitamkosea leo?"

Mama Yowe akafungua mdomo. Alitaka kutoa kidogo tu, lile fupi, la kuona, mama ageuke. Ilitoka pumzi tupu. Machozi yakamtoka mbele ya jirani na wala hakuyafuta. Akamwonyesha jirani kwa ishara azime, na televisheni ikazimwa.

Ule ukimya ukamtisha bibi kuliko yowe. Akauliza kwa sauti ndogo kama wamemuua.

"Hapana, mama," Mama Yowe akanong'ona. "Nimeingia nimemtoa. Yuko kwako, kitandani."

"Ameumia?"

"Amechoka tu."

Bibi aliitafuta mikono yake, akaishika, akaibusu yote miwili, ya mfanyakazi aliyemwokoa mtoto wake. Akamwachia amrudishe polepole, wakishika ukuta. Mlangoni mwa chumba alisimama, akapunguza sauti.

"Nilijua siku nyingi amechoka," alisema. "Ananibeba, hasemi. Anadhani sioni. Mtoto aliyekuwa analia mtaa mzima unasikia, akawa ananijibu kwa sauti ya asali. Nikawa nangoja siku atakayolia nimwendee. Leo kalia, nimekwenda."

Mama Yowe alimkalisha kwenye kiti, akavuta kigoda, akakaa miguuni pake na kichwa akakiegemeza kwenye goti lile la kanga. Bibi alikiwekea mkono kichwa hicho, bila kuuliza ni cha nani. Alipomsikia anataka kusema kitu, akamfinya bega taratibu.

"Shii, dada. Usimwamshe mwanangu."